Nani Anamsemea Tembo?

Hotuba hii niliitoa katika mkutano wa watunzi wa muziki, waongozaji na wahariri wa filamu. Wengi ambao hawakuweza kufika wameiomba, nami naiweka hapa nzima, kama nilivyoisema siku ile.

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wangu mliopo, mafundi wa picha na wa sauti, wapigaji wa vyombo, vijana mnaoanza kazi hii, nawasalimu nyote.

Mmetazama sasa hivi kipande kimoja cha filamu mara tatu. Tembo jike amesimama mbele ya fuvu la tembo mwingine. Ananyosha mkonga, anagusa taya, anasimama tena. Basi. Ni dakika moja na nusu tu.

Mara ya kwanza sikuweka muziki wowote, na ukumbi ulitulia huku watu wakitazama kwa udadisi. Mara ya pili niliweka sello moja, ile fidla kubwa ya sauti nzito, ikipiga nota ndefu za chini, nikamwona mama mmoja pale mstari wa tatu akifuta macho. Mara ya tatu niliweka ngoma na tarumbeta, na baadhi yenu mlirudi nyuma kwenye viti, mkingoja tembo ageuke atushambulie.

Tembo ni yuleyule. Hakubadili hata hatua moja. Je, nani aliyebadilika?

Hilo ndilo lililonileta hapa leo. Tukitunga muziki wa filamu ya watu, mwigizaji ana kinywa. Muziki ukisema ana huzuni, yeye anaweza kutabasamu na kuukanusha. Anaweza kusema neno moja likaipindua okestra nzima. Mnyama hawezi. Tembo hawezi kugeukia kamera akasema, "Mimi sikuwa nalia, nilikuwa na kiu." Kila tutakachomwekea atabaki nacho, na mtazamaji atakiamini, kwa sababu muziki hauingii kupitia akilini kwanza. Unaingia kifuani.

Tunamsemea asiyetutuma. Ndugu zangu, mimi naona hiyo ni kazi nzito kuliko tunavyoichukulia.

Niwaambie kosa langu. Nilianza kazi hii nikiwa mnakili wa nota, yule mtu anayeandika upya karatasi ya kila mpigaji kutoka kwenye karatasi kubwa ya mtunzi. Baada ya miaka kadhaa nikapewa filamu yangu ya kwanza ya kutunga, simulizi ya familia ya simba. Ndani yake fisi walitokea mara nne. Nifanye nini na fisi? Nikafanya alichofanya kila mtu kabla yangu. Nikawapa basuni na klarineti ya sauti ya chini, nota zinazochechemea, zinazojificha, zinazocheka. Simba wakiingia, fidla zinafunguka kama mlango. Fisi wakiingia, muziki unainama na kunyata. Wapigaji walifurahi, muongozaji alifurahi, nami nilirudi nyumbani nikijiona fundi.

Siku ya kuionyesha mara ya kwanza, mtafiti mmoja wa wanyamapori alinijia baada ya taa kuwashwa. Hakunipongeza wala hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Hao fisi walikukosea nini?"

Nikakosa jibu. Ndipo akanieleza habari za Hans Kruuk, mtafiti mzaliwa wa Uholanzi, ambaye katika miaka ya 1960 aliwafuata fisi madoa usiku katika kreta ya Ngorongoro na mbuga ya Serengeti. Watu walikuwa wakiamka asubuhi, wanawakuta simba wanakula na fisi wamekaa pembeni wanangoja, na wanahitimisha kwamba simba ameua na fisi anadoea. Kruuk hakulala. Aliwaona fisi wakiwinda wenyewe, wakiua wenyewe, kisha simba wakifika na kuwanyang'anya. Picha ya asubuhi ilikuwa ya kweli, lakini hukumu iliyotolewa juu yake ilikuwa ya uongo. Na mimi, miaka mingi baada ya utafiti huo kuchapishwa, nimeichukua hukumu ileile na kuipa okestra ya watu arobaini.

Mtaniambia, lakini hata katika hadithi zetu fisi ni mlafi na mjinga, sungura anamcheza atakavyo. Ni kweli. Ila mtoto anayesikiliza hadithi anajua kwamba fisi anayeongea ni mtu aliyevalishwa ngozi ya fisi. Anayetazama filamu anamwona fisi halisi, manyoya halisi, vumbi halisi, na anadhani anachosikia nacho ni halisi. Hapo ndipo hatari ilipo.

Filamu ile ilikwisha kusambazwa. Sikuweza kuirekebisha. Kila nikikutana na mtu aliyeiona utotoni, ananiambia bado anawachukia fisi.

Na tusidhani ni muziki peke yake. Katika filamu nyingi za zamani zilizodai kuonyesha misitu ya Afrika, kuna ndege anayecheka juu ya miti. Ndege yule ni kookaburra, na kwao ni Australia. Tai wa Marekani mwenye kichwa cheupe naye, mara nyingi akipita angani kwenye sinema, ule mlio mkali unaosikika si wake, ni wa mwewe mwenye mkia mwekundu, kwa sababu sauti ya tai mwenyewe ni nyembamba na mtu fulani aliona haimfai. Walimnyang'anya sauti yake kwa kuwa haikulingana na sura waliyompa.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko sinema. Mwaka 1886 Mfaransa Camille Saint-Saëns alitunga kundi la vipande vifupi kuhusu wanyama. Tembo alimpa besi kubwa ile ya kusimama, na mahadhi yake aliyachukua kwenye dansi nyepesi ya mtunzi mwingine, Berlioz, dansi ya viumbe wa hewani, akaishusha hadi kwenye nyuzi nene kabisa. Alikuwa anatania, na utani ule ni mtamu mpaka leo. Lakini bata maji alimpa sello, na pale hakutania hata kidogo. Nadhani alijua tofauti, maana katika uhai wake alikubali kipande cha bata maji tu kichapishwe. Vingine vilitoka baada ya kifo chake. Na mtu huyohuyo, mwaka 1908, alitunga muziki maalumu wa filamu fupi ya Ufaransa, miongoni mwa tungo za kwanza kabisa zilizoandikwa kwa ajili ya sinema. Kwa hiyo, ndugu zangu, sanaa yetu ilipozaliwa, mmoja wa wakunga wake alikuwa tayari amemweka tembo kwenye besi.

Sasa tufanyeje? Kama hatujui moyo wa mnyama, tuanzie wapi?

Mimi huanzia miguuni.

Mwaka 1962 ilitoka filamu ya Howard Hawks iliyopigwa Tanganyika, na jina lake ni neno letu la Kiswahili, Hatari. Hawks alikuwa na kipande cha tembo wadogo wakimfuata msichana kwenda kuoga, na hakujua akifanyie nini. Kilikuwa kizuri, lakini hakikuwa na mahali katika hadithi. Akamwonyesha mtunzi wake, Henry Mancini. Mancini akakitazama, akatazama hasa miguu ya nyuma ya wale tembo, jinsi inavyojivuta na kuyumba, akaona ndani yake mdundo wa kinanda aliokuwa akiujua tangu ujanani, mdundo wa mapigo manane yanayobingirika. Akauandika, juu yake akaweka klarineti ndogo ya sauti kali. Leo dunia nzima inaujua muziki ule, hata watu wasiowahi kuiona filamu.

Ni muziki wa furaha, wala si wa kuliza. Ninautaja kwa sababu mtunzi alitazama miguu kabla ya kugusa kinanda. Hakuuliza, "Tembo mdogo anajisikiaje?" Aliuliza, "Anatembeaje?" Na swali hilo lina jibu.

Vijana, andikeni hesabu hii. Filamu huenda kwa fremu, yaani picha moja moja, 24 kila sekunde. Ukitaka mapigo 60 kwa dakika, pigo moja litachukua fremu 24. Kaeni na mhariri, hesabuni fremu kati ya hatua na hatua. Tembo mkubwa asiye na haraka, tuseme hatua yake inatua kila fremu 36. Hayo ni mapigo 40 kwa dakika. Mapigo 40! Ni polepole kuliko moyo wa mtu aliyelala. Ukimpa mapigo 60 kwa sababu ndivyo mkono wako ulivyozoea, umemharakisha, na mtazamaji atahisi kitu kimekwenda kombo ingawa hatajua ni nini.

Jueni pia kwamba tembo haruki. Hata akikimbia, daima ana unyayo chini. Basi mahadhi yanayodunda na kurukaruka kwa tembo mzima ni ya mnyama mwingine. Twiga naye akitembea, miguu ya upande mmoja huenda karibu pamoja, kisha ya upande wa pili. Anayumba kama mashua. Ukiuona mwendo ule, muziki wake unakuja wenyewe, kulia na kushoto, kulia na kushoto, na sello hazihitaji kuambiwa zifanye nini.

Na simba? Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Nani kati yetu amewahi kumtungia simba muziki wa kulala? Sisi tumezoea kumpa tarumbeta. Tarumbeta kila akitikisa mkia.

Baada ya miguu, sauti. Hapa nina hadithi ninayoipenda kuliko zote nilizonazo.

Mwaka 1984 mwanamama mmoja Mmarekani, Katy Payne, alikwenda kukaa karibu na tembo katika bustani ya wanyama ya Portland, jimbo la Oregon. Alikuwa amesoma muziki, na miaka mingi alikuwa amesikiliza nyimbo za nyangumi. Alikaa nao wiki nzima. Hakusikia jambo kubwa, ila mara kwa mara alihisi hewa inatetemeka, kama ngurumo ya mbali sana isiyofika. Akapanda ndege kurudi nyumbani. Ndani ya ndege akakumbuka alipokuwa msichana, akiimba kwaya kanisani karibu na kinanda kikubwa cha mabomba. Kinanda kile kikishuka kwenye nota za chini kabisa, sauti inakoma kuwa sauti. Inabaki mtetemo, ukuta unatetemeka, kifua kinatetemeka. Akajiuliza, je, tembo wale walikuwa wakisemezana chini ya uwezo wa sikio langu?

Akarudi na wenzake na vyombo vya kurekodia. Walipoichezesha tepu kwa kasi zaidi, sauti zikapanda hadi zikasikika. Tembo walikuwa wakiitana, na sisi tumesimama katikati yao bila kujua.

Fikirini jambo hilo, ndugu zangu. Sikio la mwimba kwaya ndilo lililofungua mlango ule.

Sikio la binadamu huanza kusikia kwenye mitetemo kama 20 kwa sekunde. Miito mingi ya tembo iko hapo hapo mpakani au chini yake, na husafiri kilomita kadhaa. Sasa tazameni okestra yetu. Uzi mnene wa besi kubwa hutoa mitetemo kama 41. Besi yenye nyuzi tano hushuka hadi 31 hivi. Piano ikifika mwisho wake kabisa wa kushoto ni 27 na nusu. Kinanda cha kanisa chenye bomba la futi 32 ndicho peke yake kinachofika 16. Maana yake okestra nzima, pamoja na fahari yake yote, inaishia pale ambapo mazungumzo ya tembo yanaanza.

Tangu nilipojifunza hilo, sijaandika tena besi za tembo kwa nguvu. Nawaambia wapigaji wa besi waguse tu, upinde uende taratibu, karibu na shingo ya chombo, mpaka mtu wa kiti cha nyuma ashindwe kujua kama anasikia au anahisi. Na ndiyo maana nawasihi, hata kama fedha ni kidogo, tafuteni wapigaji halisi wa besi, hata wawili. Sauti za kompyuta zimekuwa nzuri, sikatai, nami nazitumia. Lakini hewa inayosukumwa na mbao mbili kubwa ndani ya chumba kimoja haijapata mbadala.

Sasa nifike kwenye filamu ambayo hatuwezi kuzungumza jambo hili bila kuigusa.

Mwaka 1956, kaskazini mwa Kenya, askari wa wanyamapori George Adamson alimpiga risasi simba jike aliyemjia kwa kasi. Baadaye akagundua kwa nini alishambulia. Alikuwa na watoto watatu wachanga mwambani. Wawili walipokua kidogo wakapelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam. Mdogo kuliko wote akabaki kwa George na mkewe Joy, nao wakamwita Elsa. Wakamlea, kisha wakafanya jambo ambalo wengi waliona ni upuuzi, wakamfundisha kuwinda na kumrudisha porini, Meru. Elsa akaishi huru, akazaa watoto watatu, akafa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoletwa na kupe.

Joy aliandika kitabu, na mwaka 1966 ikatoka filamu, Born Free. Muziki ulitungwa na John Barry wa York, Uingereza, mtoto wa mwenye majumba ya sinema, aliyekua akitazama filamu kama watoto wengine wanavyotazama mvua dirishani. Muziki ule ulimpa Oscar mbili, ya muziki na ya wimbo. Maishani mwake alipata tano, na moja ya hizo nyingine ilikuwa ya filamu nyingine iliyopigwa Kenya, Out of Africa ya 1985.

Kwa nini muziki ule wa Elsa unagusa hivyo hata leo? Nimeusikiliza nikiwa kijana, nimeusikiliza nikiwa mzazi, nimeusikiliza karatasi mkononi. Mahadhi ya Barry ni marefu na hayana haraka. Yanapanda, yanangoja, yanapanda tena. Kwa muda mrefu niliamini yanamwimbia simba. Sasa siamini hivyo. Naamini yanamwimbia anayemwachia simba aende. Wimbo wenyewe, maneno ya Don Black, hautaji simba hata mara moja, na hilo lilimkera mtayarishaji wa filamu kiasi kwamba wimbo uliwahi kuondolewa kabla ya kurudishwa.

Mimi naona Barry na Black walikuwa sahihi. Moyo wa simba hawakuujua, wala hawakudai kuujua. Moyo wa mtu anayefungua mlango huku mikono ikitetemeka, huo waliujua, kwa sababu kila mtu aliyewahi kulea anaujua. Wakaandika walichokijua. Elsa wakamwacha awe simba.

Lakini siwezi kuishia hapo, maana habari haikuishia hapo. Filamu ile haikutumia simba mmoja, ilitumia wengi. Kamera zilipozimwa, simba hao waliotuimbia uhuru walikwenda wapi? Wengi wao walipelekwa kwenye bustani za wanyama. Hebu pokeeni neno hilo kwanza. Okestra inapiga uhuru, watu wanalia ukumbini, na simba uliyemwona kwenye skrini yuko nyuma ya chuma. Waigizaji wawili wakuu, Virginia McKenna na mumewe Bill Travers, hawakuweza kuvumilia. Walipigania simba hao, na wachache wakakabidhiwa kwa George Adamson awafundishe pori. Mmoja aliitwa Boy.

Boy akawa huru. Na mwaka 1971, huko Kora nchini Kenya, Boy alimuua mfanyakazi wa kambi ya George, na George akampiga risasi simba aliyemlea.

Nimetafuta katika muziki wote ninaoujua nota zinazoweza kubeba siku ile, sijazipata. Kijana aliyekuwa akifanya kazi yake alikufa. Mzee alimuua aliyempenda. Simba hakuwa mwovu, wala hakuwa rafiki aliyesaliti. Alikuwa simba. Kila muongozaji anayeniletea filamu na kuniambia, "Nataka watu wampende huyu mnyama," namsimulia habari ya Boy kabla ya kufungua kinanda.

Na kuna Pole Pole. Jina hilo la Kiswahili alipewa tembo mdogo aliyeigiza na wanandoa haohao katika filamu nyingine iliyopigwa Kenya mwaka 1968. Baada ya kazi alipelekwa bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1983 akafa huko, bado kijana kwa umri wa tembo. Mwaka uliofuata McKenna na Travers wakaanzisha kampeni ya kutetea wanyama walio vifungoni, ambayo baadaye ilichukua jina la ile filamu ya Elsa. Sitaki kudai kwamba fidla ndizo zilizofanya hayo. Walifanya wao, kwa miguu yao na barua zao. Lakini walikuwa wameimba ahadi, nao wakaona aibu kuiacha hewani.

Je, sisi tuliotunga tumewahi kuuliza mnyama wa filamu yetu yuko wapi leo?

Nimebakiza jambo moja, nalo ni fupi. Kunyamaza.

Mmeiona filamu ya katuni ya Bambi ya mwaka 1942, au watoto wenu wameiona. Binadamu mwindaji haonekani kamwe. Ana nota zake tatu tu, na nota hizo zikiingia, msitu mzima unajua. Mama na mtoto wanakimbia kwenye theluji, okestra inakimbia nao, inapanda, inapanda, kisha risasi. Baada ya risasi hakuna muziki. Mtoto anafika kichakani, anageuka, anaita. Watu waliokuwa na okestra nzima mkononi waliiweka chini kwenye sekunde ile ambayo mtunzi mwingine yeyote angeona ndiyo ya kuonyesha ufundi wake.

Mimi nilifundishwa hilo kwa nguvu. Kipande mlichokiona mwanzo, cha tembo na fuvu, kinatoka katika filamu niliyoifanyia kazi. Nilikiandikia muziki wa okestra nzima. Nawaambieni kweli, ulikuwa muziki mzuri kuliko wote niliowahi kuandika. Wakati wa kurekodi, muongozaji alikuja kusimama nyuma yangu. Tulipomaliza mara ya kwanza, wapigaji waligonga pinde zao kwenye vishikio vya karatasi kunipongeza. Yeye akasema, "Tujaribu bila fidla." Tukajaribu. "Bila pembe." Tukajaribu. "Bila zumari." Watu wakawa wanatoka chumbani mmoja mmoja, wakitembea kwa vidole, viti vinabaki vitupu. Nilikuwa na hasira. Moyoni nilikuwa namwambia, kwa nini hukuniambia mapema, nimeandika usiku wiki tatu!

Ikabaki sello moja na besi mbili. Akasema, "Sasa waanze baada ya yeye kugusa. Wasianze kabla." Nikatazama picha tena, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba katika muda wote nilioujaza kwa muziki, tembo yule alikuwa anasikiliza. Masikio yamefunguka, unyayo mmoja wa mbele umeinuliwa kidogo, ncha tu inagusa ardhi. Alikuwa anasikiliza kitu, na mimi nilikuwa nimempigia kelele.

Mara zile tatu sikuwaonyesha kipande hicho kama kilivyo kwenye filamu. Sasa nitawaonyesha. Kuna sekunde 50 za mwanzo zisizo na chombo chochote, upepo tu na nyasi. Msitafute muziki, haupo. Mkonga ukigusa taya, besi zitaingia, na huenda mtaanza kuzihisi kwenye viti kabla ya masikioni. Sello inaingia mwisho, kwa nota nne, na ya nne haimaliziki, kwa sababu tembo anageuka na kuondoka, na mpigaji aliinua upinde alipomwona amegeuka.

Mafundi, tafadhali zimeni taa.